Mikono ya Marlys Mifukoni

Jua ndiyo kwanza linachungulia nyuma ya vilima vya mchanga, na Marlys Kolterman ameshatia mikono mifukoni. Si kwa baridi, ingawa baridi ipo na nyasi zilizoganda zinavunjika chini ya buti. Ameitia mikono mifukoni kwa sababu mbele yake Emil Sedlacek, mzee wa miaka sabini na minane, anakaribia uzio wa seng'enge akiwa na bunduki.

Emil anafika kwenye uzio na kusimama. Anafungua chumba cha risasi, anakitazama kuhakikisha ni kitupu, kisha anainama taratibu, magoti yakimlalamikia, na kuilaza bunduki kwenye majani chini ya waya wa mwisho. Anapanda. Suruali inanasa. Anatukana kwa Kicheki, lugha ya babu zake, ananasuka, anashukia upande wa pili, anainama tena na kuiokota.

Marlys yuko hatua mbili tu kutoka hapo. Hajanyoosha hata kidole.

"Ungekuwa mwanamke mwingine ningesema huna adabu," Emil anamwambia, akihema.

"Ningekuwa mwanamke mwingine ungekuwa umesharudi ndani kunywa kahawa," Marlys anamjibu. Anausubiri mtutu uelekee mbali, anatoa mikono, anavuka uzio upesi, na kuirudisha palepale mifukoni. "Twende, mzee. Maksai wako hana saa lakini ana miguu."

Marlys ana miaka hamsini na mmoja na ni mchinjaji. Hana bucha wala duka. Ana pikapu nyeupe yenye winchi nyuma, kulabu, tangi la maji, msumeno na visu vyake, na kwa kutumia hivyo anazunguka ranchi za magharibi ya Nebraska, akiwafuata ng'ombe walipo. Mnyama hapakiwi kwenye lori, hasukumwi, hapelekwi kunusa damu ya wenzake. Anaangushwa malishoni kwake, majani yakiwa bado mdomoni, na kabla kahawa ya chupa haijapoa ameshaning'inia vipande viwili.

Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake. Na katika kazi hiyo, anasema, kuna jambo moja tu lililo gumu.

"Kuchuna hata mtoto wa shule utamfundisha. Kazi ni ile risasi. Ng'ombe asijue. Awe anatafuna, halafu basi, hayupo. Ukiipata hiyo, kilichobaki ni usafi tu."

Watu wa vilimani wanakubali kwamba hakuna aliyekuwa akiipata kama yeye. Lakini huu ni mwaka wa kumi na moja Marlys hajafyatua risasi hata moja. Sheria ya nchi inamkataza mtu aliyelazwa hospitali ya akili kwa amri ya bodi ya afya ya akili ya kaunti kumiliki bunduki, kuishika, au hata kuwa na risasi moja mfukoni. Katazo hilo halina mwisho. Aliyewekewa anaingia nalo kaburini, isipokuwa akirudi mbele ya bodi ileile na kuwaridhisha kwamba sasa si hatari kwake mwenyewe wala kwa mwingine.

Alhamisi ijayo Marlys atasimama mbele ya bodi hiyo. Wiki nzima hajatulia. Amenoa visu ambavyo tayari vinakata unywele, ameosha pikapu, kisha akaiosha tena.

Maksai wa Emil ni mweusi, mkubwa, amesimama peke yake karibu na kisima cha upepo. Emil anapiga goti kando ya nguzo na kuegemeza bunduki. Marlys anachuchumaa nyuma yake.

"Jicho la huku mpaka sikio la kule. Jicho la kule mpaka sikio la huku. Mistari inapokutana, hapo," ananong'ona. "Usipige. Bado. Acha ainue kichwa. Bado, mzee. Sasa."

Mlio unasambaa vilimani. Maksai anapiga magoti. Kisha, jambo ambalo hakuna mchinjaji anayependa kuliona, anasimama tena, kichwa kikining'inia, damu ikitoka puani.

"Ingine! Emil, ingine!"

Mzee anafungua chumba. Risasi inamponyoka na kuanguka kwenye nyasi. Anapapasa. Ndani ya mifuko ya koti la Marlys ngumi zinaonekana wazi. Angeweza kuichukua ile bunduki na kulimaliza jambo hilo kabla maksai hajapiga hatua ya pili. Anajua, na Emil anajua. Anasimama pale, akiuma midomo, mpaka mzee anapakia tena na kupiga, na mnyama anaanguka moja kwa moja.

Hapo ndipo mikono inatoka. Anakimbia, kisu tayari, kwenda kumkata koo.

"Ile ya kwanza ilipaswa kuwa yako," Emil anasema baadaye, akifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Mimi siioni tena vizuri, Marlys. Naona ng'ombe wawili, nachagua mmoja."

"Basi umechagua asiye sahihi," anamjibu, bila ukali.

Wapo wanaouliza kwa nini asitumie kile kifaa cha machinjioni kinachopiga msumari kwenye paji la uso. Anacho, na kisheria si bunduki. Lakini kifaa hicho lazima kigusane na ngozi, na ng'ombe aliyekulia malishoni hakubali mtu amguse uso. Ukimfunga kwanza ameshaingiwa na hofu, na hapo Marlys anaona hakuna tofauti kati yake na kiwanda.

Kwa hiyo wenye ng'ombe wanapiga wenyewe. Wengine wanapiga vizuri. Wengine ndiyo hivyo. Na wengi wamechoka. Wamehamia kwa kijana wa kaunti ya jirani anayefika na bunduki yake. Marlys hutoza dola tisini kumchuna na kumtundika ng'ombe mmoja. Zamani majira haya ya vuli alikuwa akikataa wateja. Mwaka huu wiki ikiwa na ng'ombe wanne anaiita wiki nzuri.

Kwenye kituo cha mafuta, ambako wanaume wa vilimani hunywa kahawa asubuhi na kuitawala dunia, wamempa jina. Wanamwita Mama Mifuko.

"Mama Mifuko huyo! Ficheni bunduki!" mmoja anapiga kelele akimwona mlangoni.

"Ficheni na ndimi," anasema Marlys, akijimiminia kahawa. "Leo nimekuja na visu."

Wanacheka, naye anacheka. Lakini akisharudi garini uso wake unabadilika. "Wananipenda," anasema. "Wangekuwa hawanipendi wangenyamaza. Lakini kila mara lazima nitafute la kuwajibu, na siku nyingine sina."

Ugonjwa wake ulianza na mahindi. Mumewe, Dwight, aliingia kwenye ghala la chuma kuvunja mahindi yaliyogandamana, na mahindi yakaporomoka yakamfunika. Majirani walikuja na misumeno kulikata ghala ubavuni. Marlys alisimama akiyaangalia mahindi yakimwagika, akiamini kwamba yakiisha mumewe atatoka akipiga chafya. Hakutoka.

Baada ya mazishi akaacha kulala. Kisha akaacha kula. Na kwa kila aliyemuuliza alikuwa na jibu lilelile: nalala, nakula, niko sawa. Majirani walileta vyombo vya chakula, yeye akavirudisha vimeoshwa, na kumbe vyote alikuwa akiwapa mbwa.

"Nilikuwa mwongo hodari," anasema. "Ungekuja kwangu ungeondoka umefurahi."

Aliyemgundua ni binti yake, Tessa, wakati huo akiwa na miaka kumi na sita. Alirudi kutoka mazoezi ya voliboli jioni moja ya Januari, asimwone mama ndani. Alimkuta kwenye sakafu ya ghala lile lililokatwa, bila koti, theluji ikiingia. Mama yake akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba arudi tu nyumbani akale, yeye harudi tena.

Tessa alipiga simu. Polisi wa kaunti walikuja, bodi ikaketi, Marlys akapelekwa hospitali na kukaa huko mpaka barafu ilipoyeyuka. Kabla hajaondoka alimwita shemeji yake na kumwambia abebe bunduki zote za nyumbani. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo.

"Nilijua mwenyewe. Na wale watu wa hospitali walinirudishia usingizi wangu, siwezi kuwasema vibaya. Mtu akikwambia mimi nina kinyongo na bodi, anadanganya. Wakati ule walikuwa sahihi." Anakung'uta buti kwenye tairi. "Ninachouliza ni hiki tu. Nilikuwa mgonjwa, nikapona. Mbona nikivunjika mguu haniambii mtu nisitembee maisha?"

Dawa aliziacha miaka mingi iliyopita kwa ushauri wa daktari. Lakini bado anazungumza na mshauri wake kila mwezi, na usingizi ukimpotea siku mbili mfululizo anampigia bila kungoja. Wiki hii amempigia.

Kilichomnyima usingizi ni jambo la mwezi wa Mei.

Vilimani huku mtoto hafundishwi bunduki kwa bunduki. Anapewa fimbo. Watoto wawili wawili wanatembezwa na fimbo zao mpaka kwenye uzio, na hapo wanajifunza kwamba hakuna mtu anayevuka uzio akiwa na bunduki mkononi. Unampa mwenzako. "Shika," unasema. Mwenzako anaipokea, mtutu chini, anafungua chumba, na lazima atamke: "Nimeshika." Hapo ndipo unavuka, unageuka, unapokea, unasema "Asante." Wanarudia mpaka fimbo zinachakaa. Mtu akifika utu uzima maneno hayo matatu yanamtoka bila kufikiri, kama vile mtu anavyoitikia salamu.

Mei ile, Marlys na Emil walikuwa wakienda kumtazama ng'ombe aliyevunjika mguu. Emil alikuwa akilalamika juu ya mvua. Akafika kwenye uzio, bado analalamika, akanyoosha bunduki nyuma bila kugeuka.

"Shika," akasema.

"Nimeshika," akasema Marlys.

Emil akavuka, akapokea, akasema asante, akaendelea na habari za mvua. Walikuwa wameshaanza kuupanda mlima ndipo wote wawili wakasimama.

"Tulitazamana kama watoto waliovunja dirisha la kanisa," Emil anasimulia. "Nikamwambia, hakuna aliyeona. Akasema ng'ombe wameona. Nikamwambia ng'ombe hawaitwi kutoa ushahidi."

Tangu siku hiyo Emil analaza bunduki kwenye majani, na Marlys anatia mikono mifukoni kila bunduki inapokuwa karibu. Wanywaji kahawa waliomwita Mama Mifuko hawajui chanzo chake. Wanadhani anaionea bodi haya.

Lakini bodi itamuuliza. Itamuuliza, tena baada ya kiapo, kama tangu amri ile amewahi kushika bunduki. Kushika ni kosa la jinai, la kumpeleka mtu gerezani. Akisema hapana, hakuna wa kumpinga isipokuwa mzee mmoja ambaye angeukana uzio wenyewe kwa ajili yake.

"Sema hapana," Emil anamsihi, wakiosha visu. "Mwanamke wewe, sema hapana, uje unipunguzie kuua ng'ombe mara mbili mbili."

Marlys anaosha kisu kilichokwisha oshwa.

Jumapili Tessa anafika kutoka mji wa Kearney, saa tatu za barabara. Sasa ni muuguzi, mrefu kama baba yake. Marlys amepika supu nzito ya maharage na nyama ya kusaga, na kama ilivyo ada ya nyumba zote za huku, pembeni kuna mikate mitamu ya mdalasini ya kuchovya.

"Mama, kwa nini usiache tu? Kata nyama za watu, wapige wenyewe."

"Juzi Emil kapiga mara mbili."

"Ndiyo, umeniambia. Mimi nakuuliza juu yako, unaniambia juu ya ng'ombe."

"Tessa, wewe ndiye shahidi wangu."

"Najua mimi ni shahidi wako. Na nikija Alhamisi nitasema ninachofikiri, sitasema unachotaka. Usinipange."

"Nimekupanga lini? Hata sijui utasema nini."

"Hata mimi sijui." Tessa anasukuma sahani. "Unalala?"

"Nalala." Marlys anaona jicho la binti yake, anashusha kijiko. "Jana sikulala vizuri. Nimempigia mshauri."

Tessa anaitikia kwa kichwa. Mama anafungua mdomo kama anayetaka kuongeza jambo, kisha anachukua mkate mwingine wa mdalasini na kuukata vipande vidogo ambavyo hali. Habari za Mei haziji mezani. Hilo linamuuma usiku kucha, anakiri baadaye, kuliko hata lile swali la bodi.

Alhamisi, chumba cha ghorofa ya juu cha jengo la kaunti kina joto kupita kiasi. Wajumbe watatu wameketi nyuma ya meza ndefu: mwenyekiti Norbert Wiese, wakili mwenye mvi, daktari mmoja, na mwanamke mstaafu wa ustawi wa jamii. Pembeni yuko mwanasheria wa kaunti, Garrett Ostrander, kijana wa hapahapa, kazi yake leo ikiwa ni kumtilia Marlys shaka. Marlys hana wakili. Amevaa koti lake la kanisani, na mikono iko ndani ya mifuko ya koti hilo.

Ripoti ya daktari inasomwa, ni nzuri. Emil anasimama na suti inayonuka dawa ya kufukuza nondo, anasema amemfahamu Marlys tangu akitambaa na kwamba kama kuna mwenye akili timamu katika kaunti hii ni yeye, "na hiyo ni pamoja na ninyi mliokaa hapo." Mwenyekiti anajifanya hakusikia.

Kisha Ostrander anainuka.

"Bi Kolterman, tangu amri ya bodi hii, umewahi kushika bunduki?"

Mwenyekiti anaingilia kati. "Mama, nikukumbushe kwamba si lazima ujibu swali hilo. Jibu linaweza kutumika dhidi yako."

Marlys anamtazama Emil, na Emil anatikisa kichwa taratibu, kushoto, kulia. Anamtazama Tessa. Tessa hajui kitu, anasubiri tu lile hapana ambalo kila mtu chumbani analisubiri.

Marlys anatoa mikono mifukoni na kuiweka juu ya meza.

"Ndiyo," anasema. "Mwezi wa Mei."

"Mungu wangu," anasema Emil kwa sauti.

Anaeleza yote: uzio, mvua, neno shika. Karani wa bodi anaacha kuandika, anakumbuka, anaendelea. Tessa amekunja uso.

"Ulipoipokea ulifanya nini?" anauliza Ostrander.

"Niligeuza mtutu chini nikafungua chumba."

"Kwa nini ulifungua chumba?"

Swali hilo linamshangaza Marlys kuliko lolote la siku hiyo. "Bunduki ya mtu si ndivyo inavyopokewa? Wewe hawakukufundisha?"

Ostrander anakunja karatasi zake. "Walinifundisha," anasema. Anaketi.

Sasa ni zamu ya Tessa. Anasimama, anashika mgongo wa kiti kilicho mbele yake.

"Nimeendesha gari asubuhi nzima sijui nitasema nini," anaanza. "Nilikuwa naelekea kuwaambia msubiri. Msimpe. Mimi ndiye niliyemkuta kwenye ghala, na sitaki kumkuta tena popote."

Marlys anaangalia meza.

"Lakini mniruhusu niwaambie kuhusu mama yangu alipokuwa mgonjwa. Alikuwa anadanganya. Nikimuuliza umekula, anasema nimekula. Umelala, nimelala. Alidanganya vizuri mpaka mchungaji akaenda nyumbani ameridhika. Yule mama, mngemuuliza swali hili, angewatazama machoni aseme hapana, na mngempa kikombe cha chai." Anamnyooshea mama yake kidole. "Huyu amewaambia ndiyo. Angeweza kwenda jela, amewaambia ndiyo. Hata mimi hakuniambia Jumapili, na kwa hilo tutazungumza nje. Lakini ninyi amewaambia. Sina la kuongeza."

Anaketi. Emil anampa leso inayonuka dawa ileile ya nondo.

Wajumbe wanatoka. Wanakaa huko muda wa kutosha kwa Marlys kuzunguka chumba kile mara nyingi, kusoma majina ya picha zote ukutani, na kunyoosha kiti ambacho hakikupinda. Wanaporudi, mwenyekiti anasema wajumbe wawili wamekubali ombi na mmoja angependelea lisubiri mwaka. Wawili wanatosha. Ostrander anaongeza, bila kuulizwa, kwamba ofisi yake haina nia ya kumfungulia mtu kesi ya uzio.

Ila, anasema mwenyekiti, amri hii lazima ipelekwe juu, na jina liondolewe kwenye orodha ya taifa ya waliokatazwa bunduki. Mpaka atakapopata uthibitisho, katazo liko palepale.

"Itachukua muda gani?"

"Wiki kadhaa, Bi Kolterman. Pengine miezi. Siwezi kukuahidi."

Nje, kwenye ngazi, mama na binti wanakumbatiana, kisha wanagombana, kama Tessa alivyoahidi.

"Sharti moja," anasema Tessa, akijifuta pua. "Bunduki isilale nyumbani kwako."

"Nimeshazungumza na shemeji. Itakaa kwake, asubuhi ya kazi naipitia, jioni nairudisha. Usiku hata mimi sitaki ilale kwangu."

"Lini ulizungumza naye?"

"Kabla hata ya kuomba."

Tessa anaikunja leso ya Emil. "Na hilo pia hukuniambia."

"Na hilo pia. Nipige kofi basi, iishe."

Ni katikati ya Novemba sasa. Upepo unatoka kaskazini, na simu ya Marlys haitoki mkononi mwake. Ikilia anaruka, mara nyingi ni mtu anayetaka kuuza bima. Wateja wawili wa zamani wamekwisha sikia habari na wamemuuliza kama majira ya kuchipua atakuwa na nafasi. Amewaambia wamuulize tena. Mpango wake ni kuwapitia wote waliohama, mmoja mmoja, bila kuwalaumu, na ana matumaini ya kufundisha msichana wa jirani anayetaka kuijua kazi hii.

Asubuhi hii yuko tena kwa Emil, kwenye uzio uleule. Mzee anatembea mbele, mchangamfu tangu siku ya bodi kana kwamba ni yeye aliyefunguliwa. Anafika kwenye seng'enge na kugeuka, uso mzima ukitabasamu, na kumnyooshea bunduki kwa mikono miwili.

Marlys anarudi nyuma hatua moja. Mikono iko mifukoni.

"Bado," anasema.

"Wamekubali, Marlys! Nilikuwepo! Nilivaa suti!"

"Wamekubali, ndiyo. Lakini bado. Laza chini."

"Magoti yangu haya mbona hakuna bodi inayoyahurumia?" Mzee ananung'unika kwa Kicheki, maneno marefu. Lakini anafungua chumba, anainama, anailaza kwenye majani. Anavuka, suruali inanasa palepale inaponasa siku zote, anainama tena na kuiokota.

Watu wengi humuuliza Marlys siku hiyo ikifika atapiga nini kwanza. Wanadhani ni swali rahisi.

"Sitapiga kitu," anasema, akimtazama mzee ambaye upande wa pili anajikung'uta nyasi. "Simu ikilia, nitakuja hapahapa. Nitamwomba Emil twende tutembee tu. Tutafika kwenye uzio huu, na asije akathubutu kuilaza chini. Aseme shika."

"Nitasema!" Emil anapayuka kutoka upande ule. "Na wewe utasema nini?"

Marlys anatoa mikono mifukoni. Ni mitupu, myekundu kwa baridi. Anaushika waya wa juu kwa yote miwili na kupandisha mguu.

"Nitasema nimeshika," anamwambia.